Zile za Mwembe Tayari

Juzi dada mmoja wa Kisauni ameniandikia: babake anameza warfarini ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande, sasa amepewa Flagyl ya tumbo, je, kuna neno? Dada, neno lipo. Flagyl, yaani metronidazoli, huipa warfarini nguvu kupita kiasi, na mzee anaweza kuvuja damu hata ndani, bila jeraha. Mpigie daktari wake leo, kabla ya kidonge kinachofuata. Na hiyo warfarini usimwachishe kwa shauri lako.

Nimemjibu mbio kwa sababu mimi nilichelewa.

Mama yangu ana presha tangu 2014. Anatumia losartani pamoja na kidonge cha kupunguza maji mwilini. Mwaka jana goti likamshika, akawa anaswali kwenye kiti, nami roho ikaniuma. Basi mimi, msomi wa nyumba, natoka kazini nikapita duka la dawa Mwembe Tayari, nikabeba diklofenaki, dawa ya maumivu. Sikuulizwa kitu, nami sikusema kitu. Siku ya tatu mama anapanda ngazi akicheka: "Mwanangu, una mkono wa dawa!" Sifichi, kichwa kilivimba.

Wiki ya tatu ikavimba miguu yake. Makubadhi hayaingii, ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Mkojo haba. Daktari akaumwaga mkoba wote wa mama mezani, akainua ule ukanda wa diklofenaki: "Hii aliandika nani?" Nikatazama sakafu.

Akanieleza. Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, kile kidonge kingine hupunguza maji, na diklofenaki hubana mshipa unaoingiza. Zikikutana zote tatu, figo linakosa msukumo wa damu. Isitoshe, diklofenaki yenyewe hupandisha presha. Akaisimamisha palepale, vipimo vya kriatinini, ile taka ya damu inayochujwa na figo, vikashuka polepole, alhamdulillahi. Lakini kaka yangu hajaniachia. Mpaka leo akipiga simu huanza, "Daktari wa Mwembe Tayari, hujambo?" Hanichekeshi hata kidogo.

Jamani, tuache kujifanya tunajua. Kila anachomeza mzazi wako kiandike: vidonge, sindano, habasoda, hata dawa ya mafua. Karatasi hiyo mwonyeshe daktari, na mwenye duka la dawa mwonyeshe pia, hata akikukunjia uso kwa sababu foleni ni ndefu. Mwonyeshe tu! Tunda nalo lina mambo yake: balungi na simvastatini ya kolesteroli hazipatani. Sasa wewe unayemnunulia mama dawa kwa mapenzi, umeuliza?

Goti la mama bado linauma. Daktari amemwandikia parasetamoli, na jioni namkanda kwa maji moto. Kila nikikamua kitambaa ananiuliza kwa sauti ya chini, kaka asisikie: "Zile zako za Mwembe Tayari, ziliisha zote?"