Meli yetu ina vyeti vyote. Kwa nini kampuni za mafuta zinatuma tena mkaguzi wao?

SWALI: Mimi ni afisa wa tatu kwenye meli ya mafuta, na huu ni mwaka wangu wa kwanza. Meli yetu ina vyeti vyote, na juzi tu wakaguzi wa serikali bandarini walitupitisha bila dosari. Sasa tumeambiwa baada ya wiki mbili anapanda mkaguzi wa SIRE, ule mpango wa kampuni za mafuta wa kukagua meli. Tangu habari ifike hatupumziki, ni kupaka rangi na kupanga mafaili mchana na usiku. Mkaguzi huyu anatafuta nini ambacho wenzake hawakukiona? Na je, kampuni za mafuta zinaijali bahari kweli au zinajikinga tu?

JIBU: Ndugu afisa, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua la kwanza. Kampuni zinajikinga, ndiyo, na katika kujikinga huko bahari imepata nafuu kubwa. Katika miaka ya 1970, ukihesabu matukio ya kumwagika zaidi ya tani 7, meli za mafuta zilikuwa zikimwaga kwa wastani mara 79 kwa mwaka. Katika miaka ya 2010 wastani huo ulishuka hadi karibu mara 6, ingawa shehena za mafuta baharini zilikuwa zimeongezeka. Nimefanya kazi kwenye meli hizi na baadaye nikazikagua, na naamini sehemu kubwa ya nafuu hiyo imetokana na jambo moja: mwenye mafuta alikubali kuuliza maswali kuhusu meli kabla ya kuipa shehena yake.

Haikuwa hivyo zamani. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na ncha ya kusini magharibi ya Uingereza ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Serikali ilifika mahali pa kutuma ndege za kivita zikaipiga mabomu ili mafuta yaungue. Fukwe za Uingereza na Ufaransa zilichafuka, na hapakuwa na mkataba wa kimataifa wa kusema nani alipe na alipe kiasi gani. Kampuni 7 za mafuta zilizokuwa na meli zake zikafunga makubaliano ya hiari mwaka 1969, yakaitwa TOVALOP, ya kugharamia usafishaji bila kungoja serikali zimalize kujadiliana. Ili kuyasimamia likaundwa shirika la ITOPF, ambalo hadi leo ndilo linalotuma wataalamu kwenye fukwe zilizochafuka, na ndilo linalotunza hesabu nilizokutajia hapo juu. Aprili 1970 kampuni hizo na wenzao wakaunda OCIMF, chombo chao cha pamoja cha mambo ya baharini. SIRE ni mtoto wa OCIMF.

Mikataba ya serikali kuhusu fidia ilikuja, na leo makubaliano yale ya hiari yamekwisha. Lakini alama yake ipo: mfuko wa kimataifa wa fidia unachangiwa na wanaopokea mafuta yaliyosafirishwa baharini, yaani kila anayepokea zaidi ya tani 150,000 kwa mwaka katika nchi mwanachama. Mwenye meli analipa kwanza, kisha mwenye mafuta anaongezea. Kwa hiyo anayenunua mafuta ana sababu ya mfukoni ya kutaka kujua yamepakiwa kwenye meli ya namna gani.

Kuna kisa kingine ambacho kila afisa kijana angefundishwa siku ya kwanza kama ningekuwa na uwezo. Desemba 1969, ndani ya mwezi mmoja, meli tatu kubwa mno na mpya kabisa zililipuka: Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII. Zote zilikuwa tupu, na mabaharia walikuwa wakiosha matangi. Marpessa ilizama. Hakuna aliyewasha kiberiti, hakuna aliyekuwa akichomelea chuma. Uchunguzi ulielekeza kwenye maji yenyewe. Mashine za kuoshea zinapopiga maji kwa nguvu ndani ya tangi kubwa kama lile, hujaza hewa ukungu wenye umeme tuli, na cheche moja katikati ya mvuke wa mafuta na hewa inatosha. Dawa iliyopatikana ni ile unayoiona kila siku na pengine umeizoea kupita kiasi: kujaza tangi gesi isiyowaka, itokayo kwenye moshi uliosafishwa, ili oksijeni ndani isizidi asilimia 8. Chini ya asilimia 11 hivi mvuke wa mafuta ghafi hauwezi kushika moto, na ile tofauti kati ya 11 na 8 ni akiba ya usalama. Kumbuka hilo kila unaposoma kipimo. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo yaliyokusanywa mwaka 1978 katika mwongozo wa ISGOTT, ulioandikwa na wenye meli, kampuni za mafuta na bandari kwa pamoja. Toleo la sita lilitoka 2020. Ile orodha ya ukaguzi mnayoijaza na watu wa gati kabla ya kufungua vali inatoka humo.

Upande wa mazingira mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kabla ya miaka ya 1960 meli ikishashusha mafuta iliosha matangi na kumwaga yale maji baharini, na watu waliona ni kawaida. Kampuni za mafuta zikaleta utaratibu rahisi: maji ya kuoshea yakusanywe tangi moja, yaachwe yatulie mpaka mafuta yapande juu, maji ya chini yatolewe taratibu, kisha shehena mpya ipakiwe juu ya mabaki. Baadaye ukaja ufundi wa kuosha matangi ya mafuta ghafi kwa mafuta ghafi yenyewe, ambayo huyeyusha masalia kuliko maji. Sheria zilifuata nyuma. Leo MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, unataka meli ya mafuta ghafi ya tani 20,000 na kuendelea iwe na uwezo huo, unakataza kutoa maji ya matangi yenye mafuta ndani ya maili 50 kutoka nchi kavu, na hata nje ya hapo unaruhusu lita 30 tu za mafuta kwa kila maili inayosafiriwa.

Lakini sitakudanganya kwamba kampuni ndizo zilizotangulia kila mahali. Kuta mbili za meli hazikuletwa na hiari ya mtu. Tarehe 24 Machi 1989 Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh huko Alaska, matangi 8 kati ya 11 ya shehena yakapasuka, na mafuta yapatayo tani 37,000 yakaingia baharini. Ilikuwa meli ya ukuta mmoja. Marekani ikatunga sheria mwaka 1990, dunia ikafuata kupitia MARPOL, na meli zilizoagizwa kuanzia Julai 1993 zikalazimika kuwa na nafasi tupu kati ya bahari na shehena, yenye upana wa hadi mita 2 kwenye meli kubwa. Hapo ni serikali zilizosukuma, na zilikuwa na haki ya kusukuma.

Sasa nije kwa mgeni wenu.

Mkaguzi wa serikali bandarini anauliza kama meli imetimiza sheria. Wa chama cha uainishaji anauliza kama chuma na mitambo bado ni imara. Mkaguzi wa SIRE anaandika picha ya meli kwa ajili ya mtu ambaye hajapata kuiona lakini anatakiwa kuamua kama ataikodi. SIRE ilianza 1993. Kabla ya hapo kila kampuni ilituma mtu wake, na meli moja ingeweza kukaguliwa mara kadhaa kwa mambo yale yale, wakati meli mbovu ikikataliwa na kampuni moja ilikwenda kwa nyingine isiyojua kitu. Sasa ripoti moja inawekwa mahali ambapo wanachama wote wanaweza kuisoma. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mfumo wote huu, maana meli mbovu imekosa pa kujificha miongoni mwao.

Tangu Septemba 2024 ukaguzi unafanywa kwa utaratibu mpya, SIRE 2.0. Maswali ya kila meli yanachaguliwa na kompyuta kulingana na aina ya meli, vifaa vyake na historia yake, kwa hiyo hata meli mbili pacha zinaweza kuulizwa mambo tofauti. Mkaguzi hubeba kompyuta kibao, na kila jibu analigawa katika pande tatu: kifaa chenyewe, utaratibu wa kazi, na mtu anayeifanya. Upande wa tatu ndio mpya. Zamani swali lingekuwa kama kipimo cha gesi kipo na kina cheti, jibu ndiyo au hapana. Sasa atakupa wewe kile kipimo mkononi na kukuomba umwonyeshe jinsi unavyokihakiki kabla ya kuingia tangini.

Kukariri, hapo hakusaidii. Kinachosaidia ni kukishika kifaa kesho, na keshokutwa tena.

Nikupe mifano miwili niliyoiona kwa macho yangu. Meli ya kwanza iling'aa, mafaili yake yamepangwa kwa rangi. Nilishuka chumba cha mashine hadi kwenye bomba linalotoa nje maji ya ngama, yale maji yenye mafuta yanayojikusanya chini ya mitambo. Kisheria hayatoki mpaka yapite kwenye kitenganishi na kubaki na mafuta yasiyozidi sehemu 15 katika milioni. Mbele ya kitenganishi palikuwa na flanji, yaani kiungo cha bomba kinachokazwa kwa nati, iliyopakwa rangi vizuri, ila kwenye pembe za nati zake rangi ilikuwa imebanduka, chuma kinang'aa. Spana ilikuwa imepita hapo, na si mara moja, kama pale mtu anapofunga bomba la kukwepa kitenganishi. Nilimwomba mhandisi kitabu cha kumbukumbu za mafuta, akachukua muda mrefu kukileta. Kwa mahesabu ya kitabu hicho, kitenganishi kile kidogo kilikuwa kimesafisha maji mengi kuliko uwezo wake. Hakuna cheti ukutani ambacho kingenionyesha hayo.

Meli ya pili ilikuwa na umri mkubwa, rangi yake imefifia. Wakati wa kupakia nilimuuliza baharia kijana aliyesimama karibu na mipira ya kupakilia: ukiona mafuta yanaruka hapa, unafanya nini? Hakunijibu kwa maneno. Alipiga hatua nne, akaweka mkono juu ya swichi ya kusimamisha dharura bila kuibonyeza, kisha akaniambia ataita nani kwenye redio na kwa chaneli ipi. Nilipomuuliza amejifunza wapi, akamwonyesha serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, kwa kidole. Niliandika hayo kwenye ripoti neno kwa neno, na SIRE 2.0 inaruhusu kuandika mazuri namna hiyo.

Jambo moja lijue mapema: mkaguzi hana muhuri wa kufaulu wala wa kufeli. Anaandika alichokiona. Kampuni yenu inapewa nafasi ya kujibu kila dosari, na hatimaye kitengo cha kila kampuni ya mafuta, tunachokiita vetingi, kinasoma ripoti na majibu pamoja. Kinatazama pia historia ya ajali za meli na jinsi wamiliki wanavyojipima wenyewe kwa mwongozo wa TMSA, ambao toleo lake la tatu la 2017 lina vipengele 13. Kampuni mbili zinaweza kusoma ripoti moja na kuamua tofauti. Kwa hiyo msibishane na mkaguzi kama wanafunzi wanaodai alama. Dosari ikiandikwa, tafuteni chanzo chake na mkiandike kama kilivyo. Jibu la "baharia amekumbushwa" halimridhishi mtu, kwa sababu wanaolisoma wamelisoma mara elfu.

Kinachonikosesha usingizi mimi si meli kama yenu. Ni zile zilizo nje ya mfumo huu kabisa, meli kuukuu zinazobeba mafuta yaliyowekewa vikwazo, zinazozima baharini vitambulisho vyake, vile vifaa vinavyotangaza meli ni ipi na iko wapi, zenye bima isiyojulikana na wamiliki wanaobadilika kila mara. Desemba 2023 mkutano mkuu wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya baharini, ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zizidhibiti. Hakuna mkaguzi wa SIRE anayezipanda, kwa sababu wanaozikodi hawaulizi. Mafuta yakimwagika kutoka humo, fukwe zitachafuka vile vile na wa kulipa huenda asipatikane.

Mwisho, kuhusu hiyo rangi. Mwambie afisa mkuu, kwa heshima, kwamba vali na flanji zisipakwe wiki ya ukaguzi. Rangi mbichi hufunika uvujaji mdogo ambao ndio hasa mkaguzi anautafuta, na akiiona atalazimika kuuliza imepakwa juu ya nini. Zifuteni kwa kitambaa kikavu asubuhi, mrudi jioni muone ni ipi imelowa.