Rekodi moyo unapokusumbua, usingoje utulie

Kwa karibu miaka miwili moyo wangu ulikuwa ukinishtua. Nimekaa tu, ghafla unaanza kwenda mbio ovyo ovyo, dakika kumi baadaye umetulia. Nikifika kwa daktari, ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, inatoka safi. Nilivalishwa Holter, kifaa kinachorekodi moyo mfululizo, kwa saa 24, na siku hiyo moyo ukatulia tuli. Nikaambiwa ni wasiwasi, nami nikaanza kuamini.

Kilichonisaidia ni kifaa kidogo chenye vibati viwili vya chuma, kinachounganishwa na simu. Unagusa bati moja kwa vidole vya kulia, jingine kwa vya kushoto, unatulia sekunde 30, na mchoro wa umeme wa moyo unajichora kwenye kioo. Si jambo la jana: cha kampuni ya AliveCor kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Moyo uliposhtuka tena nikarekodi, nikampelekea daktari faili. Akausoma mchoro mara mbili, akasema ni fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kubana sawasawa, damu hutuama na kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Kwa umri wangu na presha niliyonayo, alinianzishia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kwa hiyo, ukiwa na kifaa hiki, kitumie dalili zikiwepo. Keti, laza mikono mezani, usikandamize vidole, maana misuli ikikaza mchoro hujaa vitetemeko. Chomoa simu kwenye chaji. Ngozi ikiwa kavu, loanisha vidole kidogo. Kisha andika saa na ulichohisi: kizunguzungu, pumzi kukata, au moyo kudunda tu. Daktari wangu aliuliza hayo kabla hata ya kutazama mchoro.

Programu za simu zinazopima mapigo kwa kidole juu ya kamera ni kitu kingine. Zinafuatilia mwanga unavyobadilika kidoleni damu inapopita, hazipimi umeme. Zinaweza kukutahadharisha, lakini ugonjwa huthibitishwa kwa ECG iliyosomwa na daktari.

Na hili naliomba kwa moyo wote: kifua kikikubana, maumivu yakipanda begani au tayani, jasho jembamba likikutoka, acha simu ya kupimia, tafuta msaada wa dharura. Kifaa cha vibati viwili kinautazama moyo kutoka upande mmoja. ECG kamili ya hospitali inautazama kutoka pande 12. Programu ikiandika “kawaida”, shambulio la moyo bado linaweza kuwa linaendelea.

Mwanzoni nilijipima hata mara kumi usiku mmoja, na hofu yenyewe ikanipandisha mapigo. Tukakubaliana na daktari: tukio likizidi nusu saa namtumia siku hiyo hiyo, na nikihisi kuzimia naenda hospitali moja kwa moja. Mengine yanasubiri kliniki.