Ozoni ni jambo moja, joto la dunia ni jingine

Ndugu, umeuliza umwelezeje mzee wako anayeamini dunia inapata joto kwa sababu "ozoni imetoboka". Usimcheke, tafadhali. Wengi wanaamini hivyo, na si ajabu: habari hizo mbili zilivuma karibu wakati mmoja, miaka ya 1980, zote zikihusu anga na gesi za viwandani.

Ozoni ya juu, yaani tabaka la gesi lililo juu angani, hutukinga na mionzi ya jua inayounguza ngozi. Iliharibiwa hasa na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia, Itifaki ya Montreal ya 1987, makubaliano ya kimataifa, ikazibana gesi hizo, na sasa ozoni inapona taratibu. Joto lina chanzo kingine. Hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi huzuia joto la ardhini lisitoroke, kama blanketi linalozidi kuwa zito. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo imevuka 420. Nayo haionekani kwa macho.

Kinachonitia wasiwasi ni hiki: anayedhani tatizo ni tundu, akisikia ozoni inapona ataona yamekwisha.

Ningeanza kwa kumuuliza mvua na majira vimebadilikaje tangu ujana wake. Msikilize hadi amalize. Kisha mwambie kwamba wanasayansi nao hutazama wastani wa miaka 30 hivi, wala hawahukumu kwa msimu mmoja wa baridi. Hapo ndipo umwingizie habari ya hewa ya ukaa.