Jibu: Kusubu risasi za bunduki ya hewa mwenyewe au kununua?
Salaam mkuu. Unasema risasi za milimita 5.5 ulizosubu mwenyewe zinatawanyika kwenye shabaha, za dukani matundu yake yanagusana. Usilaumu kalibu (umbo la kumiminia) kwanza, pima kipenyo cha risasi: inchi 0.217 na 0.218 zinaweza kupiga tofauti kabisa kwenye mtutu uleule. Halafu madini. Vile vipande vya risasi vya kubalansia matairi vina antimoni (metali inayoikaza risasi), ni vigumu; tafuta madini ya risasi yasiyochanganywa, laini, yanayochorwa kwa ukucha. Ukishasubu, zipime risasi uzito moja moja, nyepesi zina mapovu, zirudishe chunguni (chungu kisichopikiwa chakula!). Yeyushia nje, maji yasikaribie kabisa. Tone moja tu na uji wa moto utakurukia usoni. Mashine za kugandamiza bila moto sijazitumia. Kama unalenga shabaha wikiendi tu, nunua.