Michezo ya Kiingereza kwa darasa la watoto themanini

Mwalimu wa darasa la tatu ameuliza: ana watoto 80, madawati ya watatu watatu, chaki na ubao basi. Acheze nao mchezo gani wa Kiingereza? Michezo mingi inayosambazwa mitandaoni imetungwa kwa watoto 15 wenye zulia. Ukiileta kwetu, wawili wanacheza na 78 wanatazama. Ndiyo maana ule wa kukimbilia ubaoni kugusa neno siupendekezi kabisa: wanasukumana, wa nyuma hafiki, na hakuna anayetamka kitu.

Anza na wa amri. Ukisema "Teacher says, touch your nose", wanashika pua; ukisema "Touch your nose" tu, anayeshika amekosa. Amri sita zinatosha. Angalia mikono yako mwenyewe lakini. Ukishika pua huku unatamka "nose", watoto watakuiga bila kulijua neno. Mizunguko miwili ya mwanzo onyesha sawasawa, kisha tamka "ears" huku umeshika goti, ndipo utajua nani anasikiliza. Na usimtoe aliyekosa! Wanaokosa mapema ndio wenye shida ya zoezi, nawe unawakalisha watazame wenzao. Aweke alama ya kosa nyuma ya daftari, aendelee.

Bingo, ambapo mwalimu anaita maneno na mtoto anafunika yale aliyo nayo kwenye karatasi yake, ndiyo inayofaa zaidi darasa kubwa, ila wengi huiharibu kwenye hesabu. Andika ubaoni maneno 15 mliyokwisha kusoma. Kila mtoto achukue nusu karatasi ya daftari, aikunje sehemu tatu kwa urefu na sehemu tatu kwa upana, apate vyumba tisa, achague maneno tisa na kuyanakili, moja kila chumba. Pita katikati ya madawati uangalie tahajia kabla ya kuanza, maana anayenakili "chiken" atakuwa anajifunza kosa. Kufunikia neno tumia punje za mahindi, karatasi itumike tena kesho.

Ushindi uwe wa vyumba vyote tisa. Kwa watoto 80, ukikubali mstari mmoja wa maneno matatu, utasikia "Bingo!" baada ya kuita maneno matatu au manne, mchezo umekwisha kabla haujapamba moto. Ukiandika ubaoni maneno kumi tu, watashinda kundi zima kwa pamoja na ugomvi utaanza. Kwa maneno 15, mshindi wa kwanza hupatikana kwenye neno la 11 au 12 hivi. Usiite neno lenyewe, kwa kuwa atalitafuta kwa sauti tu bila maana. Sema "It gives us milk" au chora ng'ombe ubaoni. Mshindi asimame asome maneno yake yote tisa kwa sauti. Akishindwa kusoma hata moja, mchezo unaendelea.

Kosa la "he" na "she" halitibiwi kwa kuandika kanuni ubaoni, kwani "yeye" wetu ni mmoja kwa wote. Simamisha mbele wasichana watatu na wavulana watatu, mikono nyuma. Mtoto wa saba awe mbahatishaji, ageukie ukuta huku kipande cha chaki kikifichwa mkononi mwa mmoja wao. Akigeuka, anamnyooshea mmoja kidole na kuuliza "Does she have it?" Darasa linajibu "No, she doesn't" au "Yes, she does". Akimnyooshea mvulana na kusema "she", swali halihesabiwi. Apewe maswali matatu, kisha abadilishwe. Safu za kushoto zijibu swali la kwanza na za kulia la pili, zipokezane. Wakijibu wote 80 kila mara, nusu watakuwa wanachezesha midomo tu.

Wa mnyororo uchezwe dawati kwa dawati, wote kwa wakati mmoja. Wa kwanza: "I have a mango." Wa pili: "I have a mango and an orange." Wakizunguka mara mbili, wa mwisho anabeba vitu sita, na "a" na "an" zimerudiwa mara nyingi kuliko zoezi lolote la kitabuni. Kelele zitakuwepo. Kabla ya kuanza, patana nao ishara ya kunyamaza, mkono juu kwa mfano, na uijaribu mara mbili. Usipige makofi, darasani humo hayasikiki. Mchezo usizidi dakika kumi za kipindi, na ukate wakiwa bado wanataka. Zinazobaki kila mmoja aandike sentensi mbili alizotamka.