Mkichunguza usawa wa rangi Mwanza, nendeni wawili wawili

Ukifika msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti, simu yangu hujaa meseji za wadogo zangu walioko vyuoni hapa Mwanza. Wengi huja na dagaa, bodaboda au mikopo ya kausha damu. Mwaka huu kuna kundi la mwaka wa tatu limeniandikia kwamba linataka kuchunguza usawa wa rangi hapa mjini, ila mwalimu mmoja amewakatisha tamaa. Hayo, kasema, ni mambo ya Marekani na Afrika Kusini; sisi Watanzania wote ni ndugu. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Na sisi tuliambiwa hivyohivyo tulipokuwa tunaandaa utafiti wetu wa shahada ya kwanza. Tukaufanya, na tukahitimu.

Huyo mwalimu mwambieni atembee tu mjini. Wajerumani walijenga ngome yao hapa mwaka 1892, na mji wa kikoloni uliokua kuizunguka uligawanywa kwa rangi: Wazungu na upepo wao wa ziwa kule Capri Point, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika kwingine kulikobaki. Hadi leo mtu anakwambia yuko Uhindini na wala hajiulizi jina hilo limetoka wapi. Shule za Tanganyika zilikuwa za namna tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, mpaka zilipounganishwa Januari 1962. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mpigo, mmoja wa kila rangi, atake asitake. Na hapo ng'ambo tu, Geita, mwaka 1958 wananchi waligomea baraza la wilaya la mseto wa rangi ambalo serikali ya kikoloni ilitaka kuwawekea. Walifunga safari hadi Mwanza kudai lao, wakaishia kupigwa mabomu ya machozi. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa ameshavuka 80. Kama kuna mmoja wenu mwenye babu au bibi Geita au Sengerema, mmepata pa kuanzia, na msingoje likizo.

Kwa hiyo mada ipo. Swali ni mtaifanyaje, na hapo nina jambo moja kubwa la kuwaambia. Mengine ni ya kusindikiza.

Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walichoshwa na mizani za wanunuzi, ambao wengi walikuwa Waasia. Kunung'unika walinung'unika, lakini hawakuishia hapo. Waliweka wapimaji wao wenyewe, mzigo uleule ukapimwa mara ya pili. Uzito wa mnunuzi huku, uzito wa mpimaji wao kule, na pengo katikati likasomeka na kila mtu. Vuguvugu hilo ndilo Paul Bomani na wenzake walilolijenga hadi vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vikaungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mimi huuhesabu kuwa utafiti bora kabisa wa usawa wa rangi uliowahi kufanyika huku kwetu, na hakuna aliyepewa shahada.

Fanyeni kama wao. Kila mahojiano yafanywe na watu wawili, na hao wawili wasifanane: rangi, asili, au vyote. Mkitoka hapo msijadiliane njiani. Kila mtu aende kwake, aandike daftari lake usiku huohuo, alichokisikia na alichokiona. Kesho yake ndipo mnakaa mnayalinganisha. Pale madaftari yanapokubaliana, vizuri. Pale yanapogombana ndipo penye utafiti wenu.

Sisi tulikuwa wanne. Mimi Msukuma wa Magu, mwenzetu mmoja wa Ukerewe, mwingine wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Tabora tangu enzi za misafara, na dada mmoja mzaliwa wa hapahapa mjini ambaye babu yake alitoka Gujarat. Siku moja mimi na huyu dada tuliingia duka moja la jumla (aina ya biashara nimeibadilisha, na mtaa siutaji). Mzee mwenye duka alitupokea vizuri sana, tukaletewa viti, soda zikafunguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Akaniambia yeye ni Mtanzania halisi, Kisukuma anakijua, na kweli akaniamkia "mwangaluka" kwa lafudhi safi kuliko ya wadogo zangu waliokulia Dar. Rangi, akasema, hajawahi kuiona kuwa tatizo hapa Mwanza. Nikashukuru, nikatoka nje kuongea na vijana wanaopakia mizigo.

Dada akabaki. Mzee akaongea naye Kigujarati, akamwonyesha kwa kidole ghorofa moja ng'ambo ya barabara. Ni zile ghorofa za zamani mnazozijua, zenye mwaka na jina la ukoo juu kabisa mbele ya paa. Hilo lilikuwa limepakwa chokaa na rangi mara nyingi hadi herufi zimekuwa butu, jina huwezi kulisoma usipoambiwa. Ghorofa hilo lilikuwa la baba yake. Lilichukuliwa Aprili 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Baba yake, alisema, aliendelea kupita chini yake kila asubuhi kwenda dukani na hakuinua kichwa tena. Ndugu zake waliondoka, yeye akabaki. Kwangu mimi mambo hayo hakuyagusa kabisa.

Nje nako kulikuwa na hadithi mbili. Mimi nikiwa peke yangu, kijana mmoja aliniambia amefanya kazi pale miaka mingi bila mkataba, na kwamba droo ya pesa haijawahi kufunguliwa na mtu asiye wa ukoo ule. Dada alipotoka na kukaa nasi kwenye magunia, kijana yuleyule akasema bosi hana shida, hata msiba wa mama yake alitoa gari hadi kijijini. Baadaye tulihakiki. Gari lilitoka kweli, na mkataba haukuwapo kweli.

Ningekwenda peke yangu ningeandika ripoti ya unyonyaji. Dada angekwenda peke yake angeandika ripoti ya watu walionyang'anywa. Msimamizi wetu angezipitisha zote mbili, maana kila moja ingekuwa na ushahidi wake. Ilibidi tukae chini, tena kwa mabishano makali, tuandike sura moja yenye mzee aliyepoteza ghorofa na kijana asiye na mkataba ndani ya duka lilelile.

Wenzetu wa Marekani waliligundua hili zamani. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kituo cha utafiti cha NORC kilituma wahoji weusi na wahoji weupe kwa raia weusi wa Memphis wakiwa na maswali yaleyale. Majibu yalitofautiana kulingana na rangi ya aliyeuliza. Mbele ya mhoji mweupe watu walijibu kwa tahadhari zaidi. Mtu hujibu swali, lakini anajibu pia sura iliyo mbele yake. Liwekeni hilo kwenye sura yenu ya mbinu, na atakayesema mnatumia mambo ya kigeni mpelekeeni na ile mizani ya pamba.

Sasa kuna hatari ndani ya njia hii, na imevunja makundi niliyoyaona kwa macho. Mkishagundua kwamba mwenzenu wa asili ya Kihindi anafunguliwa milango msiyofunguliwa ninyi, mtaanza kumtumia kama ufunguo. Yeye kila siku Uhindini, ninyi kila siku kwingine. Hapohapo utaona wasichana wamegeuzwa makarani wa kuandika kumbukumbu, mwenye laptop amekuwa mwenyekiti, na mwenye Kiingereza kizuri anaandika ripoti yote kisha anataka jina lake litangulie. Kundi linalochunguza usawa wa rangi huku limejigawa lenyewe kwa rangi, jinsia na shule aliyosoma mtu! Msicheke, ni rahisi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kila hatua ina sababu nzuri ya kurahisisha kazi.

Dawa yake ni mzunguko. Kila mmoja aende mahali anapotarajiwa, na aende pia mahali ambapo yeye ndiye mgeni. Dada yetu alipanda hadi Mabatini na Igogo, na alivyoitwa na watoto njiani, na bei aliyotajiwa ya mafungu ya nyanya, vyote vikaingia daftarini. Mimi nilikaa kwenye varanda za Uhindini nikisubiri kuonwa. Na muwe na haki ya kukataa: mtu akisema leo siendi, asiulizwe kwa nini. Kusikiliza watu wakiisema rangi yako siku nzima kunachosha kwa namna ambayo mwenzako hawezi kukuhesabia. Mtu yeyote asihojiwe na jamaa yake, na dada asiombwe kutupeleka kwa wajomba zake. Tuliandika hayo kwenye karatasi moja kabla ya kuanza, pamoja na mpangilio wa majina kwa alfabeti, tukaweka sahihi. Mnaweza kuona ni ushamba kuandikiana mkataba na marafiki. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, likichelewa na nauli zikaisha, mtaishukuru hiyo karatasi.

Kuhusu maswali nitasema jambo moja tu. Swali la "Je, kuna ubaguzi wa rangi Mwanza? Ndiyo/Hapana" lifuteni kabisa kwenye dodoso. Mtajaziwa hapana ukurasa kwa ukurasa, maana Mtanzania aliyelelewa vizuri hamtii mgeni aibu nyumbani kwake. Ulizeni vitu vilivyotokea. Harusi ya mwisho uliyoalikwa ya mtu asiye wa asili yako ilikuwa lini, na ulikaa meza gani? Chumba unachopanga ulikisikia kwa nani? Kazini kwenu nani anashika funguo? Mchana mnakula pamoja au kila mtu na wake? Nani anampa nani shikamoo? Hili la mwisho lilitupa mengi kuliko yote, hasa pale mzee wa kupakia mizigo anapomwamkia kijana wa mwenye duka.

Msitegemee takwimu za kuchukulia sampuli. Sensa zetu hazijauliza kabila la mtu tangu ile ya 1967, hivyo hakuna orodha ya kuwaambia mtaa fulani una watu wa asili gani na wangapi. Fanyeni utafiti mdogo wa kina, mseme wazi kwamba ni mdogo.

Kuna mtu atawashauri mwongeze na watu wenye ualbino ili mada ipanuke. Msikubali kirahisi. Yaliyowapata ndugu zetu hao katika Kanda hii ya Ziwa ni ya kumwaga damu, na yanahitaji utafiti wake wenye ulinzi wake. Si aya ya nyongeza.

Vibali vyake mnavijua: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Mji una wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela, kwa hiyo mkivuka mpaka mnahitaji barua nyingine. Andikeni kichwa cha habari kwa upole, "mahusiano ya wafanyabiashara na wafanyakazi wa asili mbalimbali" linapita mahali ambapo "ubaguzi" litawakalisha kwenye benchi hadi saa tisa. Ila kwa mtu mnayemhoji msifiche. Yeye aambiwe mnachotafuta kabla hajakubali. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inazihesabu taarifa zinazofichua asili ya mtu kuwa nyeti. Sauti zisikae kwenye grupu la WhatsApp. Ziwe kwenye simu moja yenye nywila, kisha kompyuta moja, majina yageuzwe herufi siku hiyohiyo, na mkishanakili zifutwe mbele ya wote. Mji huu ni mdogo. Ukiandika "mfanyabiashara wa vipuri mwenye watoto watatu Canada", nusu ya Mtaa wa Rufiji wameshamjua.

Mmeniuliza pia itakuwaje ikiwa chuo chenu kinadai kila mwanafunzi awasilishe ripoti yake mwenyewe. Chetu kilidai hivyo. Tulikusanya data kwa pamoja, kila mmoja akawa na nakala ya madaftari yote, kisha tukagawana maswali: mmoja nyumba, mmoja ajira, mmoja harusi na misiba, mimi maamkizi. Mwombeni msimamizi idhini ya maandishi mapema, kabla ya kwenda uwandani, na kila ripoti iseme ukurasa wa kwanza kwamba data ni ya wanne. Bila hivyo mtakutana na programu ya kukagua wizi wa maandishi ikiwashitaki kwa kunakiliana dodoso mliloliandika wenyewe.