Mbegu au mche? Fraizi, frambuazi na pruni ya Japani kiwanjani

Swali: Ndugu mshauri, ninaishi Goma, katika kiwanja kilichofunikwa na lava ya Januari 2002, na udongo wote ninaolimia nimeuleta kwa viroba na kuuzungushia mawe. Mwezi wa tatu nilitoa mbegu kwenye fraizi (stroberi) nilizonunua sokoni, nyingine nikazichambua kutoka chupa ya konfitiri (jamu) ya frambuazi (rasiberi) niliyoletewa zawadi, kisha nikazifukia zote sentimita mbili chini kama ninavyofanya kwa maharage. Sasa ni mwezi wa sita na hakuna kilichoota ila magugu. Je, niendelee na mbegu au ninunue miche? – *Mama wa watoto wanne, Goma*

Jibu: Mama, tuanze na ile konfitiri, kwa kuwa hapo hakuna cha kusubiri: tunda lililochemshwa na sukari hadi likashikana limeua mbegu zake, nazo hazitaota zaidi ya maharage yaliyokwisha kuiva chunguni. Hata mbegu mbichi za frambuazi zina ganda gumu sana, na huweza kulala miezi kadhaa udongoni kabla ya kuchipua.

Mbegu za fraizi ni habari nyingine, maana hizo zilikuwa hai na kilichozizuia ni kina. Mbegu ya fraizi ni ndogo sana na huhitaji mwanga ili iamke; hutandazwa juu ya udongo laini uliokwisha kuloweshwa, ikabanwa kidogo kwa kiganja na kufunikwa kwa plastiki angavu ili unyevu usitoroke. Ukiwa na friji, ziweke humo wiki mbili hadi nne kwanza, nazo zitaota kwa pamoja zaidi. Baada ya kupandwa huchukua wiki mbili hadi sita, na mche unaotokea ni mdogo kiasi kwamba tone moja la mvua ya Goma linaweza kuung'oa.

Lakini hata ukifaulu, hutapata fraizi ile uliyoila. Fraizi ya bustani ni chotara: mwaka 1714 ofisa Mfaransa Amédée-François Frézier (jina lake lenyewe linafanana na la tunda) alirudi kwao kutoka Chile na miche yenye matunda makubwa, na huko Ufaransa miche hiyo ikachanganyika na fraizi ndogo ya Virginia, Amerika Kaskazini. Kwa sababu hiyo mbegu za tunda moja huzaa watoto wasiofanana, mmoja mtamu, mwingine mchachu, wa tatu mwenye matunda ya ukubwa wa harage. Mimi ningenunua miche mitano tu, au ningemwomba jirani. Mmea wa fraizi hutoa nyuzi ndefu zinazotambaa, na kila uzi hubeba mtoto mwenye majani tayari. Mtoto huyo ukimkalisha kwenye kopo la udongo akiwa bado ameunganishwa na mama yake, atashika mizizi kwa wiki chache, nawe utakata uzi. Mtoto huyo ni mama yake mtupu, kwa ladha na kwa ukubwa. Miche mitano inayotunzwa vizuri inaweza kujaza vitalu vyako vyote ndani ya mwaka.

Hapa niungame kosa langu. Miche yangu ya kwanza niliipanda kwa kina kirefu, nikidhani ninaisaidia kusimama, na baada ya siku kumi nilipovuta jani, moyo wa mmea ulikuja mkononi ukiwa mweusi na unanuka. Moyo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, sharti ubaki sawasawa na uso wa udongo: ukizikwa huoza, ukiachwa juu hukauka. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, nyunyuza changarawe za volkano chini ya majani ili matunda yasilale kwenye matope, na maua ya kwanza yakate bila huruma. Udongo wenye kina cha sentimita 25 unatosha, jambo ambalo kwenye lava ni neema. Kwa kuwa kiangazi kimeingia, tayarisha vitalu sasa na upande mvua za Septemba zikirudi.

Kwa frambuazi, nunua mche, lakini uliza aina yake kabla ya kutoa faranga hata moja. Aina nyingi za Ulaya huzaa kwenye fito za mwaka wa pili, na tena baada ya kupitia mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7, baridi ambayo Goma haiijui. Tafuta zile zinazozaa kwenye fito za mwaka uleule. Zikishashika, zenyewe zitatoa vichipukizi pembeni, hutanunua tena.

Swali: Mshauri, pruni zangu za Japani (nyanya za mti, au tamarillo) hapa Bukavu zimepita urefu wa mtu, zinazaa juu tu, na upepo umevunja mbili. Nilizipanda kwa mbegu. Nilikosea? – *Baba wa Kadutu*

Jibu: Hukukosea, Baba. Mti huu, ambao licha ya jina lake asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, huota vizuri kwa mbegu na huzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Tabia yake ikitoka kwenye mbegu ni kupanda moja kwa moja mita moja na nusu au zaidi kabla ya kutawanya matawi, ilhali kipandikizi cha tawi hutoa kichaka kifupi. Kwenye mteremko wenye upepo ningechagua kipandikizi, ila kikatwe kwenye mti usio na majani yenye mabaka, kwa kuwa virusi husafiri na tawi. Miche ijayo ya mbegu ikate ncha ikifika mita moja. Miti iliyopo ipunguze baada ya mavuno, kwani matunda huja kwenye machipukizi mapya, na uifungie nguzo: mizizi yake hukaa juu juu.

Swali: Mforosadi je, mbegu au tawi? – *Msomaji, Bukavu*

Jibu: Tawi. Mche wa mbegu huchelewa kwa miaka na unaweza kuwa dume lisilozaa kamwe. Kata kipande cha sentimita 20 chenye unene wa kalamu na macho matatu au manne, upande wa chini ukiukata mshazari na wa juu ukiukata sawasawa bila mshazari, ili usije ukakichomeka kichwa chini.